Tsavo kwa reli au kwa basi?

Ukienda Mombasa kutoka Nairobi, unapita katikati ya mbuga za wanyama za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi bila kulipa kiingilio. Swali ni ukae dirishani mwa treni au mwa basi.

SGR, yaani reli ya kisasa iliyoanza mwaka 2017, inapita juu ya tuta, kwa hiyo unaona mbali kuvuka vichaka. Ndovu wa hapa huwezi kuwakosa: wamejipaka vumbi jekundu la Tsavo, wanafanana na vichuguu mpaka sikio litikisike. Pundamilia na twiga pia huonekana, na ukibahatika, mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya kijivubuluu. Mimi hukaa kushoto, upande wa Tsavo Mashariki. Kwa treni ya saa tisa alasiri jua linakuwa nyuma yako na halikupigi machoni. Ubaya wake ni mwendo na kioo kisichofunguka. Ndege wadogo sahau kabisa.

Basi liko chini, limezibwa na malori, na ndovu utawaona ikiwa tu wamesogea kando ya barabara. La usiku halina maana yoyote kwa jambo hili. Lakini basi husimama Mtito Andei, na hapo kwezi, tumbo la rangi ya chungwa na mgongo wa buluu unaometa, huokota makombo ya chapati miguuni pako.

Kwa wanyama, panda treni. Mpenda ndege asilidharau basi la asubuhi.