Kutoka vyumba vinne Goba hadi nusu nyumba Ngamiani: uzoefu wangu

Desemba 2022 nilikaa mezani na kalamu nikaandika kila shilingi niliyompa bodaboda mwezi ule. Luku ya umeme sikuiweka, vocha sikuziweka, bodaboda tu. Ikatoka 87,000. Na wala sikuwa nimekwenda popote pa maana: sokoni, kliniki ya presha, msibani mara mbili, na dukani kufuata nyanya. Nyanya za mia tano, nauli elfu mbili kwenda na kurudi.

Nyumba yetu ya Goba, Dar es Salaam, tulianza kuijenga 1999, mimi na marehemu mume wangu, kwa mishahara ya ualimu, yaani leo mifuko mitatu ya saruji, mwakani bati. Vyumba vinne, sebule ambayo Idi ilikuwa inalaza wageni ishirini, minazi sita uani. Wanaoijua Goba wanajua ilivyo, mlima na korongo, korongo na mlima. Kutoka getini kwangu mpaka lami ni mteremko, na kurudi ndiyo shughuli. Nikiwa na miaka arobaini na kitu ule mlima niliuona mandhari. Sasa nina 67, goti la kulia limesagika, na kila nikitazama lile geti nilikuwa najiuliza kama kweli ninahitaji hiyo nyanya.

Wanangu walikuwa na majibu yao. Mkubwa alisema, "Mama, tukujengee chumba uani kwangu Kigamboni." Wa pili alitaka niweke dereva. Nikawashukuru wote wawili. Sikutaka kuwa mama wa chumba cha uani, na dereva nitamlipa kwa pensheni ipi? Nilichotaka ni kutoka mlangoni kwa miguu yangu, nikanunua samaki, nikasalimiana na watu, nikarudi kabla sijachoka. Hilo tu.

Mimi mzaliwa wa Muheza, kwa hiyo macho yalikwenda Tanga mjini moja kwa moja. (Rafiki mmoja alinipigia debe Lushoto, eti hewa nzuri. Lushoto na goti hili!) Februari 2023 nikapanda basi pale Mbezi, nikaenda nikalala gesti siku kumi na moja. Wenzangu, kama mtafuata jambo moja katika haya yote, fuateni hili la kulala gesti. Dalali atakuonyesha nyumba kwa dakika kumi, ila mtaa wenyewe hakuonyeshi kabisa.

Nilianzia Raskazone, maana ndiko kila mtu anakokusifia. Upepo wa bahari, miti mikubwa, barabara pana, utulivu. Utulivu mno. Nilitembea dakika ishirini nisimwone mtu anayeuza hata limau. Ukienda kupunga upepo jioni ni pazuri kweli, ukiwa na gari ni pazuri zaidi. Kwa mtu kama mimi ni Goba nyingine, tofauti ni kwamba haina mlima.

Chumbageni nilipapenda, karibu na katikati ya mji, lakini nyumba iliyokuwa ndani ya uwezo wangu ilikuwa ghorofani, na ngazi zenyewe nyembamba, hazina hata pa kushika. Nikashuka nikiwa nimemwachia dalali elfu kumi ya kuonyeshwa.

Ngamiani nilikwenda kwa shingo upande. Nilikuwa nimeizoea tangu utoto kama mahali pa kelele na baiskeli. Ipo upande wa pili wa reli ukitokea mjini, reli ile ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893 kwenda Usambara, na barabara zake zina namba badala ya majina: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zinapita ishirini. Siku ya kwanza namba hizo sikuziona kitu. Siku ya tatu nilipotea jioni, taa zimekatika, nikamuuliza mtoto, "Mwanangu, hii barabara ya ngapi?" Akasema, "Ya kumi na nne, bibi. Shikamoo." Basi nikahesabu kurudi mpaka ya tisa nikafika gesti. Dar nilishapotea mara ngapi kwa "kata kulia kwenye duka la Mangi, ukiona mwembe uliza." Mangi alishahama, mwembe ulishakatwa. Uzeeni akili nayo inachoka, si magoti peke yake, na mtaa unaohesabika unaipumzisha.

Halafu ni tambarare. Sijui niseme vipi ili mtu mwenye magoti mazima anielewe. Tambarare!

Kipimo changu kilikuwa hivi. Nilinunua unga kilo tano, nikautia kwenye kikapu, nikatembea nao kutoka gesti mpaka soko la Mgandini na kurudi, mara tatu kwa nyakati tofauti: saa moja asubuhi, saa nane mchana, na baada ya magharibi. Dada wa mapokezi alidhani nimechanganyikiwa. Asubuhi ilikuwa raha. Mchana jua la Tanga lilinipiga nikajua kwamba saa nane si saa ya mzee kuwa njiani, basi, nikaifuta kwenye ratiba. Usiku ndiko nilikojifunza mengi zaidi, maana usiku ndipo mitaro inapouma. Mifuniko mingine imevunjika, mingine haipo, na bodaboda wanapita bila taa. Nilirudi na tochi ya simu mkononi na moyo mdomoni.

Lakini ile safari ya saa nane ndiyo iliyoniamulia. Nilikuwa karibu na barabara ya kumi na moja, goti limeanza kuvuta, kikapu kimekuwa kilo kumi. Kulikuwa na nyumba ya zamani ya Kiswahili, baraza ya saruji mbele, kivuli cha paa kimeifunika nusu. Mzee mmoja amekaa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka refu halikatiki. Hakuniuliza natoka wapi. Alisogea tu, akaipangusa ile saruji kwa kiganja, akasema, "Karibu, jua kali." Nikakaa. Akanikatia nusu ya chungwa. Labda dakika saba hivi. Nilipoinuka nilikuwa mtu mwingine.

Nilipotembea tena nikaanza kuzihesabu baraza. Kutoka gesti mpaka sokoni nilikuta kumi na tisa ambazo mtu anaweza kuketi bila kuonekana mwizi. Goba kutoka kwangu mpaka lami zilikuwa sifuri. Ni kuta na mageti na vioo vya chupa juu ya ukuta, wangu ukiwemo. Wengi wakitafuta mtaa wa kutembea wanapima umbali: soko mita ngapi, zahanati mita ngapi. Mimi nasema hesabuni pa kukaa. Mita mia nane zenye baraza kumi na tisa ni fupi kuliko mita mia tatu zisizo na hata jiwe.

Sasa makosa yangu. Nyumba ya kwanza niliyoipata Ngamiani nilitoa kishika nyumba laki tatu kwa kijana aliyejitambulisha kuwa ni ya baba yake. Wiki iliyofuata akatokea dada yake: nyumba ni ya urithi, mirathi haijafungwa, na yeye hajamtuma mtu kupangisha. Hela nilirudishiwa kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa baada ya wiki tatu za "njoo kesho". Elfu ishirini ya dalali haikurudi, na simu yake haikupatikana tena. Nyumba nyingi za zamani pale ni za urithi, kwa hiyo ulizeni kwa majirani kabla ya kwa dalali. Majirani wanajua nani ni mwenye nyumba na nani ni mtoto mtundu.

Kosa la pili lilikuwa nusura, halikutimia. Kulikuwa na nyumba nyingine nzuri kabisa, nikawa karibu kulipa. Binamu yangu akaniambia subiri masika. Nikarudi mwishoni mwa Aprili. Mbele ya ile nyumba maji yalikuwa yamesimama mpaka kwenye vifundo vya miguu, na watoto wanavukisha watu kwa matofali na kudai mia mbili. Mtaa wa kiangazi na mtaa wa masika ni mitaa miwili.

Mwishowe nikapata nusu nyumba: chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani. 150,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Nyumba za Kiswahili nyingi zina choo uani, mnachangia, na mimi nilisema mapema kwamba usiku wa manane sivuki uani na goti. Choo kilikuwepo ndani lakini cha kuchuchumaa. Hapo nilikaa na mama mwenye nyumba, mtu mzima mwenzangu, nikamwambia, "Dada, mimi nikichuchumaa siinuki." Akacheka mpaka akashika ukuta. Tukakubaliana niweke cha kukaa kwa hela yangu, na vyuma viwili vya kushikia ukutani, halafu akate nusu ya gharama kwenye kodi. Fundi, sinki, mabomba na vyuma vilikula 310,000. Tuliandikishana ofisi ya serikali ya mtaa kwa karatasi na mihuri, kwa sababu urafiki ni mzuri na karatasi ni nzuri zaidi.

Kuhama kwenyewe sitawachosha. Meza ya watu wanane haikuingia mlangoni, ikakaa kibarazani siku mbili, sasa ipo kwa mama ntilie wa barabara ya saba na nikienda kula nakaa pale pale nilipokuwa nakaa. Makabati mawili niliyauza Goba kwa bei ya kutupa. Vitabu vya marehemu ndivyo vilinitoa machozi, vingine nimevipeleka shule ya msingi, vingine vipo chini ya kitanda. Nyumba ya Goba nimeipangisha, inalipa kodi yangu ya Tanga na inabaki ya dawa.

Nimekaa mwaka mmoja na miezi minne. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu natoka, mkate wa ajemi moto barabara inayofuata, nasalimia, narudi na chai haijapoa. Samaki wakiwa wengi nachukua bajaji mpaka soko la samaki la Deep Sea, kwa sababu kule ni mbali kwa miguu, lakini siku za kawaida muuza samaki anapita na baiskeli akipuliza honi. Hospitali ya Bombo, kwenye kliniki ya presha, nako ni bajaji. Kutoka Ngamiani haitembeki kwa umri huu na nisingependa mtu adanganyike kwamba kila kitu kipo hatua mbili. Benki natembea, navuka reli, nikifika nakaa dakika kumi kabla ya kupanga foleni. Mwezi uliopita bajaji zote zilinila 14,000.

Ubaya upo. Shughuli za harusi zikianza Ijumaa, spika zinalia mpaka usiku mkubwa na hakuna wa kumlalamikia maana wewe mwenyewe umealikwa. Joto la Januari na Februari ndani ya vyumba vile vya zamani ni la kuoka mkate. Mbu. Faragha ndiyo usiseme: nikipika pweza, mpaka barabara ya kumi na mbili wanajua Bibi Mwalimu leo anakula pweza. Aliyezoea geti itamchukua muda, mimi ilinichukua miezi minne, na kuna siku nilikuwa nafunga dirisha makusudi ili nionekane sipo. Hawakudanganyika. Waligonga kuuliza kama naumwa.

Na ule mtaro wa kona yetu haujafunikwa mpaka leo. Tumekwenda ofisini mara tatu. Kijana wa gereji amelaza mlango wa zamani wa gari juu yake, tunapita hapo, unalia kama bati ukiukanyaga, ndivyo ninavyojua jirani karudi.

Nikipewa nyota tano naipa Ngamiani nne. Moja nimeishika mkononi mpaka mtaro ufunikwe.

Wanaouliza kama kuna nafasi: nusu ya pili ya nyumba hii inaachwa mwezi ujao, mpangaji anahamishiwa Korogwe. Choo cha huko bado ni cha kuchuchumaa, lakini mama mwenye nyumba sasa ameshazoea mazungumzo hayo. Anataka mtu mzima asiyepiga muziki. Dalali hajajua bado.