Kona Electric au e-Niro: ipi uichukue ikiwa imetumika?

Hyundai Kona Electric na Kia e-Niro za 2019, magari ya umeme ya toleo lenye betri kubwa, ni ndugu wa tumbo moja: mota ya kilowati 150, betri ya kWh 64 inayopozwa kwa maji. Zinapoachana ni kwenye seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri. Kona nyingi zilifungwa seli za kampuni ya LG, na mwaka 2021 Hyundai ikayaita magari takriban 82,000, mengi yakiwa Kona, yabadilishiwe betri kwa hofu ya kuwaka moto. e-Niro yenye seli za kampuni ya SK haikuguswa.

Basi e-Niro? Ngoja kwanza. Kona iliyobadilishiwa ina betri changa kuliko gari lenyewe. Mimi ningeitanguliza mbele ya e-Niro yenye betri yake ya awali, mradi muuzaji atoe karatasi ya kazi hiyo yenye namba ya chasisi. Hana karatasi? Achana naye.

Mengine yanafanana. Zote husikika kelele za giaboksi, kwa hiyo zima redio, endesha polepole, tega sikio. Kisha chomeka kifaa cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari, usome afya ya betri. Usitegemee makadirio ya kilomita zilizobaki kwenye chaji yanayoonyeshwa kwenye dashibodi, maana hupanda na kushuka kwa mguu wa dereva aliyetangulia. Kwa nafasi ya kiti cha nyuma, e-Niro inashinda bila ubishi.

Anayeagiza Kenya kutoka Uingereza ajue magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hayaingii. Dhamana ya betri ya Kona nayo ni miaka 8, ya e-Niro 7.