Fundi wa Mwenge na kasha la mita yangu ya gesi

Nilichonunua ni kasha la chuma la kufunika mita ya gesi: upana sentimita 70, kimo 90, kina 35, milango miwili ya luva. Limetoka kwenye karakana ya kuchomelea pale Mwenge, Dar es Salaam, jirani na soko la vinyago. Nimelipa shilingi 210,000 pamoja na rangi, na kirikuu, kile kigari cha mizigo, ya kulileta kwangu Mikocheni ikala 15,000. Niliahidiwa siku nne. Zilikuwa kumi na moja.

Kwetu gesi inakuja kwa bomba, ile ya kisiwani Songo Songo iliyoanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Gesi yenyewe sina neno nayo, mtungi sijaubeba tangu tuunganishwe na mgongo wangu unashukuru. Ila mita iliwekwa mbele kabisa, kati ya mlango na dirisha la sebuleni, na bomba la njano linapanda ukutani kila mpita njia analiona. Mama Neema alivumilia mpaka ilipotajwa tarehe ya wageni kuja kumposa binti yetu.

"Baba Neema, watu watapigia picha wapi? Pale kwenye mtambo?"

Nikawaulizia wenye mita kuihamisha. Nikajibiwa niandike barua ya maombi, kazi watafanya mafundi wao tu, gharama juu yangu, na bomba lipimwe upya kwa presha kabla ya kufunguliwa. Sikubishana. Mita si yangu, mimi nina ukuta tu. Lakini posa ilikuwa wiki tatu mbele na barua nazijua mwendo wake. Kupanda maua pia nilikataa: jirani yangu alifunika ya kwake kwa bogenvilia, na msoma mita sasa anasomea kutoka mbali kama anayeangalia nyoka.

Fundi ni kijana wa kama miaka thelathini, mpole, kalamu ya chaki iko sikioni muda wote. Alikuja kupima mwenyewe, akachora kwenye kipande cha boksi, akachukua advansi ya 100,000. Hapo sikuwa na shaka naye.

Kasha la kwanza lilipofika lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia, pembe zimenyooka, milango inafunga bila kugonga. Nikaliinamia. Juu limezibwa kabisa kwa shiti, matundu yote yako chini.

"Mzee, nimekutobolea chini ili gesi ikivuja itoke," akaniambia kwa kujiamini.

Niwaeleze kwa nini nililirudisha, maana hapa ndipo wengi mtaumia. Kijana huyu kazi yake ya kila siku ni vizimba vya mitungi, na kwa mitungi yuko sahihi: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni kama maji, kwa hiyo tundu linakaa chini. Ya bomba ni tofauti. Nyingi yake ni methani, uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya uzito wa hewa, ikivuja inapanda. Ukiizibia juu inajikusanya chini ya mfuniko na kumsubiri mwenye sigara. Mimi nimeendesha lori la mafuta miaka 31, Dar hadi Tunduma, na mvuke wa petroli ulinifundisha mapema kuuliza kitu kikivuja kinaelekea wapi.

Hakuninunia. Alichukua chaki, akachora mstari pande tatu karibu na ukingo wa juu, akasema mfuniko ataunyanyua kwa vijiguu vya sentimita tano uwe kama kofia, hewa ipite na mvua isiingie. Matundu ya chini tukayaacha. Kwa hilo hakuongeza hata mia, na hapo ndipo alipopata alama nyingi kwangu.

Kabla hajaondoka nikajaribu koki ya kufungia gesi. Ikiwa wazi, mkono wake unalala sambamba na bomba. Ukiifunga, unakingama. Yeye alipima ikiwa wazi, basi nilipoizungusha mkono ukagota kwenye ubavu wa kasha nusu ya safari. Fikiria usiku unasikia harufu, unakimbilia koki, na haifungi! Jikoni nako maharage yakazimika, nikapigiwa kelele, nami nikapiga kelele zaidi kwamba swichi zote za jiko zifungwe kwanza kabla sijarudisha gesi. Ubavu ukasogezwa sentimita nane.

Aliporudi mara ya pili alishuka na mashine ya kuchomelea na waya mrefu, macho yanatafuta soketi. "Nalichomelea hapa hapa, mzee, dakika kumi tu." Cheche, pembeni ya mita ya gesi! Nilimwambia arudishe mashine kwenye kirikuu kwanza, ndipo tusalimiane. Miguu ya kasha ikamaliziwa karakana, na sasa kasha linasimama lenyewe kama kabati, halina mgongo wala sakafu, limefungwa kwenye zege kwa bolti nne ambazo mashimo yake tuliyachimba kwa nyundo na tindo. Haligusi mita, halilalii bomba, na nikitaka nalifungua kwa spana na kulisogeza pembeni.

Alikuwa ameweka pia masikio ya kufuli. Nikamwambia ayakate, aweke komeo la kawaida. Siku ya kuvuja sitaki mtu aniulize ufunguo uko wapi, na msoma mita naye aingie bila kunigongea.

Lalamiko langu kubwa ni rangi. Rangi ya juu ni ya mafuta, kijivu, safi. Lakini miguuni aliruka ile ya chini ya kuzuia kutu, nimejua kwa sababu miezi minne haijaisha na kwenye maungio ya miguu kutu imeshachungulia. Upepo wa bahari wa Mikocheni hauna huruma na chuma. Nimekwangua kwa msasa na kupaka mwenyewe. Na zile siku kumi na moja, saba zake zilikuwa "kesho, mzee".

Nampa saba kwa kumi. Ukienda kwake, nenda asubuhi, mwonyeshe kabisa gesi yako ni ya bomba au ya mtungi, funga na kufungua koki mbele yake wakati anapima, na usimalize kulipa kabla hujaona miguu ikiwa na rangi nyekundu ya chini. Bei haikunisumbua, kazi ya mikono yake ni nzuri.

Posa ilikwenda vizuri na picha zimetoka. Mshenga wao, mzee wa heshima kabisa, alilifungua kasha akitafuta pa kuweka viatu.