Mafuta ya karafuu ya Usita wa Mui: dawa nzuri ya kuvu, lebo mbaya

Masika yakiingia, nyumba za mawe za Lamu huvuta unyevu na makubadhi yaliyowekwa kabatini huota kuvu. Duka moja la dawa za asili katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji huo, huuza mafuta ya karafuu kwa ajili hiyo, nami niliona yafaa kuyapima kabla ya kuyasifu.

Nilitia vipande vya mkate uliorowanishwa kidogo ndani ya vyombo vya kioo. Chini ya kifuniko cha kimoja nilibandika karatasi yenye matone ya karafuu, cha pili kikapata mkaratusi wa duka hilohilo, cha tatu mafuta ya nazi, na cha nne hakikupata kitu, kwa sababu bila hicho huwezi kujua kama mkate umesalimishwa na dawa au na ukavu wa hewa. Mkate usio na dawa na ule wa nazi uliota nyuzi nyeupe, kisha vichwa vyeusi. Wa mkaratusi ulichelewa tu. Wa karafuu ulibaki safi mpaka harufu ilipofifia, ndipo doa likatokea kwenye ukingo ulio mbali na karatasi.

Kinachofanya kazi hapo ni yujenoli, sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ambayo huharibu utando wa seli ya kuvu hata vilivyomo vikavuja. Ili kupima nguvu ya mafuta, maabara hutafuta kiwango kidogo kabisa kinachozuia kuvu kukua. Na kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, hayasambai vizuri katika sahani ya agari, yaani utomvu mzito wa kuoteshea kuvu, hivyo duara dogo lisiloota kuvu kuzunguka tone halimaanishi kuwa mafuta ni dhaifu.

Nisichokikubali ni lebo, inayosema yapakwe moja kwa moja penye choa, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza ngozi, hasa ya mtoto, na choa cha kichwani huingia ndani ya unywele, kikahitaji vidonge vya hospitali. Tena lebo haielezi kama mafuta yametokana na karafuu zenyewe au makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu. Muuzaji, kwa upole mwingi, ndiye aliyeniambia kuwa ni ya makonyo kutoka Pemba.

Kwa kabati na masanduku nitayanunua tena. Tia matone machache kwenye pamba, uiweke ndani ya kisahani ili isiguse nguo wala ngozi ya viatu, na uyaongeze harufu inapopungua.