Soba hausi au nyumbani: miezi ya kwanza bila unga

Arosto, yale maumivu ya kuacha unga (heroini), ikiisha, kazi ndiyo kwanza inaanza. Hapa Tanga familia nyingi hubaki na swali moja: kijana aende soba hausi, nyumba wanakokaa pamoja walioacha dawa za kulevya, au arudi nyumbani Ngamiani na mtu wa kumsimamia?

Soba hausi inampa ratiba: kuamka mapema, usafi, vikao vya hatua 12, ambako walioacha husaidiana wasirudie. Anakaa na wenzake wanaoijua hamu ya unga bila kuelezwa. Ila kuna ada ya kila mwezi, na siku atakayotoka vijiwe atavikuta palepale.

Nyumbani mfuko unapumua, lakini mapenzi ya mama peke yake hayatoshi. Nimeona mama akifunga mlango kwa kufuli, mtoto akaruka ukuta. Anayefaa kumsimamia ni mtu aliyewahi kutumia, akaacha, na sasa ana miaka kadhaa bila kutumia: anampitia asubuhi, wanakwenda kikaoni pamoja, na simu anapokea hata saa nane za usiku. Atafutwe kabla kijana hajarudi.

Na jamani, nyumba nzima ijue hili: mwili uliokaa bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kilekile, pumzi inaweza kukata. Kwa hiyo akiteleza awe na ujasiri wa kusema, asiogope kufukuzwa.

Aliyetoka matibabu juzi, na rafiki zake wote bado wanatumia, mimi humshauri soba hausi. Mwenye mke na watoto, anayekwenda kliniki kila siku kunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto na hamu ya unga, nyumbani na msimamizi panamfaa zaidi.