DVD za Bernstein kwa mwalimu wa kwaya wa Dar: aanze na kipi, aruke kipi

Kwa mwalimu wa kwaya au wa muziki shuleni, seti ya DVD za Young People's Concerts, matamasha ya watoto ya televisheni ya mwongoza okestra Leonard Bernstein, ni mali. Kwa mzazi anayetaka kuwasha runinga, kuwaweka watoto mbele yake na kwenda jikoni, haifai hata kidogo. Ni vipindi 25 kwenye DVD 9, kila kipindi kama saa moja, mzungumzaji anaongea Kiingereza mwanzo mwisho na hakuna maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Bila mtu wa kukaa pembeni na kinanda, rimoti mkononi, watoto wa Temeke au Kimara watachoka ndani ya dakika 20. Akiwepo mtu huyo, hadithi ni nyingine kabisa.

Bernstein, Mmarekani aliyezaliwa 1918 na kufariki 1990, wengi humjua kama mtunzi wa muziki wa tamthilia ya West Side Story, iliyotoka 1957. Jina lake kama mwongoza okestra lilipaa tarehe 14 Novemba 1943, siku mwongoza okestra Bruno Walter alipougua naye Bernstein akasimama badala yake mbele ya New York Philharmonic, tamasha likiwa hewani redioni. Mwaka 1958 alipokuwa mkurugenzi wa okestra hiyo, matamasha ya watoto yalikuwepo tayari, tangu 1924. Yeye aliyaingiza kwenye televisheni ya CBS. Kuanzia 18 Januari 1958 hadi 1972 aliongoza 53, na kuna kipindi mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalirushwa saa za jioni, familia nzima ikiwa sebuleni. Seti hii inabeba karibu nusu yake.

Ufundi wake mkubwa ni kwamba anakiharibu kitu kwanza, ndipo anakionyesha kilivyo. Tazama kipindi cha 14 Desemba 1965 kuhusu sauti ya okestra. Inapigwa sehemu ya taratibu ya simfoni (utunzi mrefu wa okestra) namba 88 ya mtunzi Haydn, fidla zikitetemeka na kuvimba kwa utamu, tamu kweli kweli. Kisha anawaeleza watoto kwamba hivyo sivyo Haydn anavyopigwa, na anaanza kupunguza: mtetemo mdogo, uvimbe mdogo, wapigaji wachache. Mwalimu yeyote wa kwaya anaujua ugonjwa huo, ile soprano inayotetemesha kila nota mpaka alto hawasikiki. Sitisha hapo, waimbishe ubeti mmoja kwa namna zote mbili, kisha endelea. (Mbinu hiyo aliitumia tangu 1954, kwenye kipindi cha Omnibus: alichukua rasimu alizozitupa Beethoven alipokuwa anatunga simfoni ya tano, akazipigisha ili watu wasikie kwa nini zilitupwa. Omnibus haimo kwenye seti hii, inauzwa peke yake.)

Usifuate mpangilio wa diski. Kipindi cha kwanza kabisa kinaanza na muziki wa Rossini ambao watoto wa New York waliufahamu kutoka kipindi cha mchunga ng'ombe kwenye televisheni. Ukumbi mzima unalipuka, sisi tunabaki tunatazamana. Cha pili, kuhusu muziki wa Marekani, kinaweza kusubiri. Kwa kwaya, anza na "Musical Atoms" cha 29 Novemba 1965, kinachoeleza umbali kati ya nota na nota. Hapa kwetu wanakwaya wengi wamekulia kwenye do-re-mi, kwa hiyo wana faida kubwa kuliko watoto waliokuwa ukumbini. Jambo linalowachanganya wengi ni kuhesabu: nota unayoanzia nayo inahesabiwa. Do hadi mi ni tatu, siyo mbili. Ndiyo maana umbali wa tatu ukiunganishwa na mwingine wa tatu unazaa tano na siyo sita: do-mi, mi-sol, jumla do-sol. Na umbali ukigeuzwa, nota ya chini ikapandishwa juu, jumla yake na ule wa awali ni 9: tatu inakuwa sita, mbili inakuwa saba. Liandike hilo ubaoni kabla ya kuwasha deki.

Faida yake inaonekana pale Bernstein anapofika kwenye simfoni ya nne ya Brahms. Mwanzo wake unasikika kama wimbo wa huzuni tu, wa kawaida. Uandike kwa sol-fa: mi, do, la, fa, re, ti, se (sol iliyopandishwa nusu sauti), mi. Ni tatu inayoshuka, kisha sita inayopanda, tena tatu, tena sita. Na ile sita ni tatu iliyogeuzwa. Yaani ni ngazi moja ya tatu-tatu inayoshuka, imekunjwa ili ienee mahali padogo. Wape waimbaji wa besi na wa tenor waiimbe hivyo polepole kabla ya kusikia okestra. Wanapokwama ni kwenye se, kwa sababu masikio yanataka sol. Mpiga kinanda aishikilie nota hiyo hadi itulie.

Kinachofuata kiwe "What Is a Mode?" cha 23 Novemba 1966. Humo anatumia nyimbo za vijana wa wakati ule pamoja na Debussy kueleza kwamba mtu anaweza kuanza na kumalizia ngazi ya nota (skeli) mahali pengine mbali na do. Zoezi ni rahisi: kwaya iimbe re hadi re bila kubadili nota yoyote, halafu sol hadi sol. Kosa linalotokea karibu kila mara ni kwamba wakikaribia re ya juu wanapandisha do kuwa de bila kujijua, maana sikio linadai ule mwisho liliouzoea. Dawa ni kinanda kushikilia re na la kwa chini muda wote.

Hata hivyo, tukiambiwa tubaki na kipindi kimoja tu, tutachagua kile cha 9 Aprili 1961 kuhusu nyimbo za asili ndani ya ukumbi wa okestra. Bernstein anaonyesha jinsi lugha inavyouumba muziki wa watu wake: Kihungari hukaza silabi ya kwanza ya neno, na nyimbo zao nazo hupiga kwa nguvu mwanzoni. Hapo hapo bonyeza kitufe cha kusitisha uwageukie wanakwaya. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: u-PE-ndo, fu-RA-ha. Nyimbo nyingi za vitabuni zina tuni za Kijerumani na Kiingereza, ambazo mstari wake mara nyingi huishia kwenye pigo zito. Tukiweka maneno yetu pale, tunajikuta tunaimba mu-NGU, bwa-NA. Tumezoea hadi hatusikii. Wape karatasi yenye ubeti mmoja, wausome kama wanavyoongea na kutia alama kwenye kila mkazo. Kisha wapige makofi kufuata tuni na kuzungushia duara kila mahali pigo zito linapoangukia silabi nyepesi. Mara nyingi tiba ni kuigawa nota moja kuwa mbili au kubadilisha nafasi ya maneno mawili. Kazi hiyo inachukua saa nzima peke yake na inalipa gharama ya seti yote.

Kipindi cha 8 Machi 1963 kuhusu Amerika ya Kusini kitawapendeza wazee wa muziki wa dansi. Wale waliocheza rumba na cha-cha-cha wataitambua midundo hiyo bila kuelezwa. Cha vichekesho vya muziki, 28 Februari 1959, ni chepesi na watoto wanakipenda.

Onyo kwa kumbi za kanisa: "Berlioz Takes a Trip" cha 25 Mei 1969 kinazungumzia simfoni ya kijana aliyekula afyuni, akaota amemuua mpenzi wake, amekatwa kichwa na kuangukia kwenye karamu ya wachawi. Muziki ni wa hali ya juu, lakini kitazame peke yako kwanza. Cha Fidelio cha 1970 kiachie watu wazima.

Sasa vifaa. Geuza boksi utazame namba kwenye alama ya dunia: ni ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezwa ichezwe. Tanzania iko kanda ya 5, Marekani kanda ya 1. Ikiandikwa 0 au ALL, inacheza popote. Deki nyingi za Kariakoo hazibagui kanda, ila iombe dukani ijaribiwe kwa diski ya Marekani kabla hujalipa. Kwenye kompyuta, kisomeo cha DVD huruhusu kubadili kanda mara 5 tu, baada ya hapo kinafunga kwenye ile ya mwisho. Diski za Marekani ni za NTSC, mfumo wa picha wa huko. Runinga bapa za sasa hazina tatizo, lakini zile za chogo za PAL, mfumo wa picha wa kwetu, zinaweza kutoa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka. Usishangae pia kuona vipindi vya mwanzo ni vyeusi na vyeupe. Ndivyo vilivyorekodiwa.

Sauti ni ya mono (mkondo mmoja tu) na ya zamani, spika za runinga haziiwezi. Vuta waya wa jeki hadi kwenye mikisa ya kanisa, tumia chaneli moja, punguza besi, zima feni zilizo karibu. Volyumu ipime kwa mwisho wa muziki na siyo mwanzo: kipindi cha 8 Machi 1958 kinafunga na Boléro ya Ravel, inayoanza kwa ngoma ndogo isiyosikika vizuri na kuishia kwa okestra nzima. Ukiongeza sauti mwanzoni, mwishoni spika zinakoroma.

Lugha ina njia yake. Maandishi ya maelezo ya Bernstein yako kwenye tovuti rasmi ya leonardbernstein.com. Yachape, yatafsiri siku mbili kabla, chagua sehemu tatu za kusitisha na uandike dakika zake pembeni. Tafsiri picha ikiwa imesimama. Ukiongea juu ya okestra, watu wanakosa vyote viwili. Kipindi cha saa moja kitakula saa mbili, kwa hiyo Jumamosi mchana ni bora kuliko jioni ya mazoezi. Mtihani wa 26 Mei 1968, ambao Bernstein anauliza maswali na watazamaji wanajaza majibu wenyewe, uwekwe mwisho kabisa, karatasi na kalamu zikiwa zimegawiwa kabla hajaanza, kwani hasubiri mtu atafute kalamu.