Barakoa ya mpira yenye vichujio viwili: tathmini kwa mafundi wanaokata zege na marumaru

Barakoa ninayoizungumzia ni ile ya mpira laini inayofunika pua, mdomo na kidevu, yenye vichujio viwili vya vumbi vya daraja la P100 vinavyotambulika kwa rangi ya waridi iliyokolea. Tumeitumia na mafundi wa marumaru na wa umeme katika jengo la ghorofa jijini Dar es Salaam, na kwa fundi anayeshika grinda ninaipendekeza bila kusita.

Mchanga, kokoto, zege na marumaru kwa kawaida huwa na madini yaitwayo silika, na grinda inapovikata vikiwa vikavu hutoa chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Tangu mwaka 1997, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeitambua silika inayovutwa kazini kuwa inasababisha saratani. Leso iliyofungwa usoni, ambayo ndiyo kinga ya vibarua wengi, haizuii chembe hizo, na barakoa ya hospitali huacha nafasi mashavuni ambamo vumbi hupita. Kichujio cha P100 hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe katika vipimo vya maabara.

Hata hivyo, kichujio kizuri hakisaidii kitu ikiwa mpira haujashika uso. Kabla ya kuwasha grinda, fundi azibe vichujio kwa viganja na kuvuta pumzi taratibu: barakoa ikibonyea kidogo na kubaki hivyo, imekaa sawasawa; akihisi hewa ikipenya kando ya pua, akaze mikanda upya. Mwenye ndevu hapati kinga hii, kwa sababu nywele hutenganisha mpira na ngozi. Baada ya kuchana ukuta kwa ajili ya mabomba ya nyaya, fundi wetu aliivua uso ukiwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, lakini sehemu yote iliyofunikwa na mpira ilikuwa safi.

Kasoro zipo. Joto la Dar es Salaam huifanya ijae jasho, na kuelekezana kwa maneno huwa kazi. Vichujio hivi vya vumbi havizuii mvuke wa rangi na thina wala gesi zenye sumu zilizomo katika moshi wa jenereta. Tena barakoa ya nusu uso hupunguza vumbi takriban mara 10 tu inapovaliwa ipasavyo, hivyo maji yaendelee kumwagiwa kwenye diski wakati wa kukata, kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na sakafu isifagiliwe kavu.

Mpira huoshwa kwa sabuni, lakini vichujio havioshwi wala kupulizwa kwa kompresa, kwa maana vikiharibika vitapitisha vumbi bila fundi kujua. Hubadilishwa pumzi inapoanza kuwa nzito. Gharama hii isiachiwe kibarua, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Mkandarasi anayenunua ahakikishe kwanza kwamba duka lina vichujio vya akiba vinavyoingia kwenye barakoa hiyohiyo.